Mawaridi ya Kasha la Bibi

Jumatano, 12 Novemba

Mambo yameiva! Bi Ulfat, bibi yake Nadra, kakubali nimtembelee Ijumaa baada ya sala. Ndiye aliyemlea Nadra. Asiporidhia yeye, hapana posa. Tatizo ni Munir. Naye anamtaka Nadra. Anafanya kazi hotelini Kendwa na hujipulizia manukato wanayomwachia wageni. Nadra mwenyewe kasema yanamuumiza kichwa, anapenda marashi ya mawaridi, yale ya kizamani. Mimi sina. Lakini namjua aliye nayo.

Alhamisi, 13 Novemba

Bibi yangu, Bi Tabia, ana kasha mvunguni mwa kitanda. Alipotoka kwenda kwa jirani nikalifungua. Kitambaa cha bafta nyeupe, udi, kafuri, na kichupa cha mawaridi kilichofungwa kwa uzi. Sikujiuliza vitu hivyo vinangoja nini. Nikafungua kichupa.

Subhanallah! Kwanza ukali kidogo, kama ganda la ndimu. Kisha yanatulia, yanakuwa matamu kama asali, na nyuma yake kuna kijiharufu cha karafuu. Hayakupigi puani kama ya Munir. Yanakaa karibu na mwili, mtu ayafuate mwenyewe. Mpaka magharibi bado nanusa mkono wangu kama mwendawazimu. Nimeilaza kanzu yangu humo kashani ivute harufu. Akili nnazo!

Ijumaa, 14 Novemba

Nilijimiminia nusu kichupa. Njia nzima watu wakinigeukia. Nimefika kwa Bi Ulfat, nikatoa shikamoo, nikambusu mkono. Alinusa. Akanusa tena begani. Machozi yakamlenga. Nikajua nimeshinda! Nikamwambia kwa upole kuwa nimekuja kwa jambo zito, asishtuke. Akapiga ukelele akimwita Tabia, Tabia wake. Nadra akaja mbio, akaninusa, akalia naye.

Kumbe Bi Ulfat na bibi yangu ni mashoga, marafiki wa tangu chuo cha Kurani. Zamani walinunua pamoja vichupa viwili vya mawaridi, kila mmoja akaweka chake kwa siku ya maziko yake. Mjukuu wa Tabia akija ananukia mawaridi yale na kafuri juu yake, basi katoka penye maiti.

Sikupata nafasi ya kueleza. Nusu ya mtaa ilishafika kwetu na mikeka na masufuria, Munir mbele kabeba turubai. Bibi walimkuta uani anakaanga bajia. Akawatazama waliokuwa wakilia, akauliza, "Mie nshakufa? Mbona hamkunambia? Mie sina safari ya karibuni!" Bi Ulfat akamkumbatia, kisha akamtandika kofi la mgongo kwa kumtia hofu. Halafu wote wawili wakanigeukia mimi. Nikajifungia chooni.

Jumamosi, 15 Novemba

Bibi hasemi nami. Bi Ulfat kaleta ujumbe: mjukuu wake haolewi na mtu anayenuka maziko. Munir anasifiwa mtaa mzima kwa turubai lake. Imeniuma sana. Nampenda Nadra, na nimemliza kwa kanzu. Sikula mchana.

Jumapili, 16 Novemba

Nadra kaniandikia simuni! Anasema mawaridi yenyewe yalikuwa mazuri mno, kilichoharibu ni kafuri. Anasema Bi Ulfat kacheka jana usiku mpaka kakohoa, na kaniruhusu nirudi Ijumaa, mara hii ya mwisho, nije nimevaa kanzu safi.

Basi mawaridi hayana kosa! Hata mimi sina. Kosa ni la kanzu. Nimeifua mara tatu, bado kafuri tupu, na pesa za kununulia nyingine sina. Ila nimekumbuka ile bafta ya sanda iliyomo kashani. Mpya, nyeupe pee, urefu wa mikono mingi. Na Bibi mwenyewe kasema mbele ya watu kuwa hana safari ya karibuni.

Nimeshaipeleka kwa fundi. Nimemwambia atie mifuko miwili.