Kebo ya Kulia

Jumatatu, 5 Agosti 2024

Nimekasirika tangu asubuhi na sijaona sababu ya kuacha.

Nilikuwa nanyoa ndevu. Nikasikia mkwaruzo nje, kama ng'ombe anayejikuna ukutani. Kuchungulia dirishani, Probox yangu inarudi nyuma yenyewe kuelekea langoni, polepole, kama mtu anayetoroka kanisani kabla ya sadaka. Haina dereva. Nilikimbia na povu usoni. Nguzo ya lango iliwahi kabla yangu. Taa moja ya nyuma imekwenda.

Betri imechoka, kwa hivyo huwa naliacha gari mlimani bila gia ili niliwashe kwa kushuka. Na breki ya mkono haishiki. Kebo yake, ule waya unaotoka kwenye mkono wa breki hadi tairi za nyuma, imelika mpaka imebaki nyuzi. Ndiyo maana naweka jiwe nyuma ya tairi. Leo jiwe halikuwepo. Mke wangu, Mama Vivian, amekiri: alilichukua kuzuia mlango wa banda la kuku. Nilimwuliza kama kuku ni muhimu kuliko gari. Hakufikiria hata kidogo. Alisema kuku hawajawahi kugonga lango.

Jirani yangu Kipkurui aliona yote. Alikuwa anakama ng'ombe ng'ambo ya ua. Hakucheka. Alisema pole. Hiyo pole ndiyo imenichoma. Halafu akaongeza kwamba pickup yake iko sawa, na kama nataka, Jumapili anaweza kumleta Kogo Cherotich.

Kogo Cherotich ni nyanya yake Johana, kijana wa Londiani anayetaka kumwoa Vivian wetu. Ndiye aliyemlea huyo kijana. Jumapili familia yao inakuja hapa Kapsoit kutuona kwa mara ya kwanza, na kila mtu anajua kwamba huyo mama akikataa, hakuna harusi. Magoti yake hayawezi kupanda matatu. Niliahidi kumleta mimi mwenyewe, kwa gari langu. Nimetangaza kwa kituo kizima tunakouzia majani chai.

Nilimwambia Kipkurui asante, hapana.

Jumanne, 6 Agosti

Nimepeleka gari kwa Obiero, fundi wa hapa sokoni. Aliingia chini yake na kuanza kupiga mluzi. Fundi akipiga mluzi chini ya gari lako, jua amefurahi kwa sababu mbaya.

Alitoka akauliza ni nani aliyekaza nati ya breki ya mkono kwa koleo. Nikasema haijulikani. Akasema huyo asiyejulikana amezidi kuiharibu. Kisha akaniambia niache gari hadi wiki ijayo, ana kazi nyingi. Nilimweleza kuhusu Jumapili. Nilimweleza kuhusu Kogo. Akasema basi niazime gari la Kipkurui, lile lina breki nzuri, alizifunga yeye.

Niliondoka na gari langu bila kuaga.

Jioni nimetazama video kwenye simu. Mzungu mmoja anabadilisha kebo ya breki ya mkono katika gereji safi kuliko jikoni kwetu. Mikono haichafuki. Alimaliza kabla chai yangu haijapoa. Nitafanya mwenyewe. Vivian alinisikia nikisema hivyo. Aliniomba, kwa heshima, nimwachie fundi. Nilimwambia aende akapange mambo ya chapati.

Jumatano, 7 Agosti

Kericho, duka la spea. Msichana wa kaunta, jina lake Chemutai, limeandikwa kifuani. Nikaagiza kebo ya breki ya mkono ya Probox. Akauliza ya kushoto au ya kulia. Akauliza kama nimekuja na ile ya zamani, wazilinganishe.

Nilimwambia nilianza kuendesha gari kabla mama yake hajaolewa. Akasema sawa baba, lakini ni ya kushoto au ya kulia?

Nyuma yangu kulikuwa na watu. Mmoja alikuwa ananipumulia kisogoni. Nilisema kulia. Kwa nini kulia? Kwa sababu mwanaume akiulizwa mbele ya watu anajibu.

Nimefika nyumbani nikalala chini ya gari kuangalia. Iliyolika ni ya kushoto. Ya kulia inang'aa, haina shida yoyote.

Kurudi kwa yule msichana ni jambo ambalo halitafanyika. Kebo ni kebo.

Alhamisi, 8 Agosti

Siku mbaya kabisa. Mvua. Niliinua gari kwa jeki, nikaweka mawe chini ya tairi za mbele, nikalala kwenye tope. Tairi ilitoka. Ile dramu ya breki nyuma yake ilikataa kutoka. Niliigonga kwa nyundo, nikaitukana, nikaigonga tena. Ilipotoka, springi ndogo iliruka kutoka ndani, ikavuka ua na kutua kwenye nepia ya Kipkurui, yale majani ya ng'ombe wake.

Baada ya muda nikamwona Kipkurui amesimama uani na springi mkononi. Alikuwa ameiosha.

"Jirani, hii ni yako?"

Nilisema inaweza kuwa yangu.

"Sasa usikose kuirudisha. Bila hiyo, viatu vya breki vitacheza."

Kila mtu wa mlima huu ni fundi isipokuwa mimi.

Kebo ya kulia ni ndefu kuliko ya kushoto. Hii hawakusema kwenye video. Kile kishikio chake cha katikati, kinachofungwa kwa bolti chini ya gari, hakikufika kwenye tundu lake. Nilifikiri sana. Kisha nikaikunja kebo kama mkia wa nguruwe na kukifunga kile kishikio kwa utepe wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kazi safi. Mzungu wa video hangeweza, kwa sababu hana tyubu.

Nilijaribu pale mbele ya posho mill, kwenye kinu cha unga, mahali tambarare. Nikavuta breki, nikashuka, nikasukuma gari kwa bega. Halikusonga. Hakuna hata mtu mmoja aliyepita kuniona. Wakati wa kugonga lango walikuwepo wote.

Ijumaa, 9 Agosti

Nimewaeleza watu wa kituo cha majani chai. Walisikiliza vizuri, isipokuwa Kipkurui, aliyekuwa kwenye foleni na majani yake. Akauliza kama nimeijaribu mlimani. Nilimjibu kwamba breki haijui mlima wala tambarare, inajua kushika tu. Watu walicheka. Nadhani walimcheka yeye, lakini siwezi kuthibitisha.

Mama Vivian anataka Obiero aangalie tu, hata kwa macho. Nimekataa. Hatujaongea tangu chakula cha jioni.

Jumamosi, 10 Agosti

Sabato. Hatufanyi kazi. Hata hivyo, baada ya ibada Mama Vivian alinikuta nimelala chini ya gari na suti yangu ya kanisa. Nilimwambia namtafuta paka. Akanikumbusha kwamba hatuna paka.

Ule mpira umelegea kidogo. Nadhani unazoea mahali pake.

Jumapili, 11 Agosti



Londiani nilifika vizuri. Kogo Cherotich ni mwembamba, mrefu, haongei sana. Alikaa kiti cha nyuma na kibuyu cha mursik, maziwa ya kugandisha, mapajani, zawadi ya nyumba yetu. Njia nzima alitazama dirishani. Nilimweleza kuhusu breki, jinsi nilivyoifunga mwenyewe. Alisema mm.

Tumefika langoni. Pale ni mlima, pua ya gari inaangalia juu. Sikuzima injini kwa sababu ya betri. Niliweka bila gia, nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho, nikashuka kufungua lango.

Nikasikia kitu kikikatika chini ya gari, tap. Ule mpira.

Nilipogeuka, gari lilikuwa linaondoka na Kogo. Kinyumenyume. Uso wake ulikuwa wima kwenye kioo cha mbele, unanitazama ukienda mbali. Nilikimbia. Nilipoteza kiatu. Nilishika boneti kwa mikono miwili, kana kwamba gari lingeona huruma. Likavuka barabara. Kulikuwa na lori la maziwa linapanda kutoka upande wa Kericho. Dereva alishika breki zake, ambazo zilishika. Nitakumbuka sauti ya tairi zile. Probox ikapita mbele yake, ikashuka kwenye shamba la chai la Kipkurui lililo ng'ambo, ikavunja mistari, ikasimama imeinama kati ya michai.

Kwa muda kidogo sikuweza kufungua ule mlango. Niliogopa nitakachokuta. Nikafungua.

"Kogo, uko sawa?"

Alikuwa amekumbatia kibuyu. Kofia ilikuwa imeangukia jicho moja.

"Tumefika?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

Akatazama chai pande zote. "Nyumba iko wapi?"

Kipkurui alikuja mbio na pickup. Hakuuliza kuhusu chai yake. Alimpandisha Kogo mbele, akavuka naye barabara, safari fupi ambayo mbuzi angeifanya bila kuchoka, akaegesha mbele ya nyumba yangu na kuvuta breki ya mkono. Krrrk. Niliisikia kutoka barabarani. Najua aliivuta kwa makusudi.

Wageni wengine walikuwa wameshafika. Waliona yote kutoka uani. Tuliketi. Hakuna aliyegusa chai. Baba mdogo wake Johana alitazama viatu vyake, nami nilitazama mguu wangu wenye soksi. Vivian alisimama mlangoni na sahani ya chapati, hakuiweka popote.

Kisha Kogo akaomba kuongea. Alisema alikuja akiwa na wasiwasi. Johana alimwambia baba ya msichana ni mtu wa kujisifu.

"Na ni kweli. Njia yote ameongea preki, preki. Lakini hakuniacha. Amekimbia na kiatu moja mbele ya lori. Mtoto wa huyu nitachukua." Akanywa maji. "Gari yake, hapana. Hata nikifa msinipakie hiyo."

Watu walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mama Vivian alicheka akilia. Johana alikuja kunisalimia kwa mikono yote miwili. Nilipaswa kufurahi. Nilitamani kuwafukuza wote.

Walipoondoka, Vivian alinifuata jikoni. Alifunga mlango.

"Baba, nilikuomba Jumanne. Kama angekufa?"

Nikasema duka liliniuzia kebo isiyofaa.

"Baba. Kama angekufa?"

Alisimama akanitazama, kisha akaanza kuosha vikombe, kwa nguvu, mpaka kimoja kikavunjika. Nilitoka nikakaa kwenye banda la kuku.

Jumatano, 14 Agosti

Obiero amefunga kebo ya kushoto. Alifanya haraka kiasi cha kunitukana. Aliutundika ule mpira wa tyubu ukutani kwake, juu ya meza ya spana, na anamwonyesha kila anayeingia. Sitakwenda tena pale.

Kipkurui amekataa nimsaidie kupanda upya michai iliyovunjika. Kwa upole. Mtu huyu hana adabu hata kidogo.

Harusi ni Desemba. Leo wale watu wa kukodisha hema walikuja kupima kiwanja. Wanataka vyuma, wanataka kamba za kila aina, wanataka siku nzima ya kufunga. Mkubwa wao alizungumza nami kana kwamba mimi ni mtoto. Niliwafukuza.

Hema nitashona mwenyewe. Turubai lipo, mianzi ipo kule mtoni, na nimeshachora. Vivian ameingia chumbani na hajatoka. Mama Vivian ameniuliza upepo ukija tutafanyaje na watu wote wako chini ya hilo hema.

Nimemwambia upepo haukualikwa.