Maneno ya Bonde, Hadi Herufi C

Jumatatu, 4 Novemba
Mvua. Lakini habari njema! Daktari Pell wa chuo kikuu anakuja Alhamisi na kinasa sauti. Anamtafuta mtu wa mwisho anayejua Kiingereza cha kale cha bonde letu hapa Yorkshire. Jina la mtu huyo litatunzwa milele. Nani kama mimi, Clifford Hebden, niliyegawa barua bonde zima miaka thelathini? Sijui hata neno moja, ila nimeazima kamusi ya maneno hayo kwenye gari la maktaba. Naanza A.

Jumanne, 5 Novemba
Attercop, buibui. Backend, majira ya majani kupukutika. Nikamjaribia jirani yangu, Bi Hilda Raistrick, miaka tisini na tatu. Kacheka hadi meno ya bandia yakachomoka. Eti wewe kijana, unatamka kama msoma taarifa wa redio. Kijana! Nina sitini na nane.
Kisha akatazama zizi lake, kondoo wote wameuzwa, akatamka neno moja. Maana yake ni ule ukimya wa zizi siku kondoo wakishaondoka. Akasema hakuna kamusi iliyo nalo. Nami sikuliandika. Wivu ulinikaba.

Jumatano, 6 Novemba
Balaa! Mama wa maktaba kaninyang'anya kamusi, kuna mtu kaiagiza. Nani? Bi Hilda! Eti imejaa makosa, anataka kuyasahihisha. Nami nimefika C tu.

Alhamisi, 7 Novemba
Daktari Pell kaja, kanywa chai yangu, kamuulizia Bi Hilda. Nikamwambia maskini, kiziwi, tena karukwa na akili. Nikamwaga maneno yangu yote. Akaniuliza kwa upole, mbona wazee wangu hawakutamka kitu chochote kilichopita herufi C? Nikajibu kwetu tulikuwa watu wa maneno machache. Kasema atarudi tarehe kumi na nane.
Dirishani nilimwona Bi Hilda kainamia meza, penseli mkononi. Nikavuta pazia upesi, Daktari asimwone.

Jumapili, 10 Novemba
Bi Hilda kafariki jana, usingizini. Nimelia. Sikudhani ningelia. Nimejaribu kulikumbuka lile neno la zizi, wapi! Limenitoka kabisa.

Jumamosi, 16 Novemba
Mazishi. Watu tisa, keki ya matunda na jibini. Mpwa wake kanikabidhi kamusi niirudishe maktaba.
Lahaula! Imejaa penseli, A hadi Z, pembeni, juu, chini. Hata kwenye ukurasa wa mazizi kaandika neno refu, na maelezo mistari sita. Bibi yule alikuwa mchafu jamani! Si watasema ni mimi? Nimekaa na kifutio tangu nirudi mazishini, mkono unaniuma. Sasa kurasa zote ni safi.
Keshokutwa Daktari anarudi. Hakuna tena wa kunicheka. Naanza D.