Ngamia Mmoja kwa Bastola Moja

Jumatatu, 4 Machi 1996

Nimeamua. Nanunua bastola! Mwezi jana majambazi wa njia ya Masalani walininyang'anya saa na viatu. Baya zaidi, walinikatiza hotuba. Nilikuwa ndio kwanza nafika kwenye Katiba.

Mwenye bastola hakatizwi. Mtazame Shuaib, mpinzani wangu katika kamati ya soko la mifugo. Ana rivolva kuukuu yenye leseni. Akikohoa tu, wazee wananyamaza. Mimi nataka ya kisasa, inayojipakia yenyewe kila unapofyatua.

Nimechambua orodha ya duka moja la silaha Nairobi. Ya Mjerumani: bei ya ngamia watatu. Shetani ashindwe! Ile ndogo ya mfukoni: rahisi, lakini risasi zake adimu. Ya Mcheki, mtumba, milimita tisa: sura mbaya, haikwami, risasi zake hazisumbui kupata. Bei yake ni dume mmoja mnene wa ngamia. Ninaye!

Ramlo, mke wangu, kauliza kama bastola hutoa maziwa. Nikamwambia dume naye hatoi. Hoja imefungwa.

Jumatano, 6 Machi

Siku ya soko. Siku nyeusi!

Hapa bei haitangazwi. Mnashikana mikono chini ya shali na vidole ndivyo vinavyosema. Nilimpa dalali Jelle vidole vitano, kila kimoja elfu tatu. Alikuwa anakaribia kukubali, naapa. Ndipo Shuaib akapita akisema kwa sauti kwamba ushuru wa mifugo ni halali.

Ningenyamaza? Mkono wa kushoto ulishika kamba ya ngamia. Wa kulia ulikuwa chini ya shali. Nami siwezi kujenga hoja bila kuhesabu. Hoja ya kwanza, nikakunja kidole. Ya pili, kingine. Ya tatu ilikuwa moto, hata mbuzi waligeuka kunitazama. Jelle akaubana mkono wangu kwa nguvu, akasema, "Viwili! Nimekubali, abti, mjomba wangu, Mungu akubariki."

Elfu sita. Mkono ukishabanwa, hakuna kurudi nyuma. Lakini Shuaib nilimshinda. Hilo halina ubishi.

Ijumaa, 8 Machi

Baada ya swala nimekwenda kituo cha polisi kuulizia leseni. Fedha haitoshi bado, lakini karatasi itangulie. Afisa aliuliza sababu ya kutaka silaha. Nilimweleza kuanzia enzi za ukoloni. Akaomba nifupishe. Hata yeye! Kisha akauliza bastola italala wapi. Nikasema chini ya mto. Akacheka hadi kofia ikaanguka. Bila kasha la chuma lililofungwa ukutani, hakuna leseni.

Kasha! Vitabu vyote nilivyosoma, hakuna hata kimoja kilichonionya.

Jumanne, 12 Machi

Kasha limefika kwa mkokoteni wa punda. Mwenye kasha anahamia Hulugho, kaniuzia kwa fedha yote ya dume. Zito, la kijani, limefungwa ukutani. Bastola gani itakosa raha humo?

Kwa sasa ndani kuna sukari ya Ramlo, na ufunguo uko shingoni mwake. Shuaib kapita mlangoni na kuuliza kama majambazi nitawapiga kwa kasha lenyewe. "Warya, wewe, uwaangushie mguuni!" Mkahawa wa jirani mzima ulisikia.

Acheke. Nusu ya safari imekwisha! Makazi ya bastola yapo, bado mkazi. Na zizini nina dume wa pili, mnene kuliko yule. Kesho ni soko, na Jelle amesema atakuwepo.

Ramlo ananisihi nifunge mdomo mkono ukiwa chini ya shali. Maskini, hajui biashara. Bei ilianguka kwa sababu ya ukame, kila mtu mwenye akili anajua. Shuaib naye atakuwepo kesho, inshallah. Nimekesha nikimwandalia. Safari hii si hoja tatu.

Ni nne.