Wimbo Uliogoma Kufunguka

Jumanne, 14 Januari 2020
Kompyuta ya kwaya imekuwa mpya! Nimeiwekea programu za kisasa mwenyewe, ofisini kanisani, bila kumwambia Pelagia. Yeye ndiye mwenyekiti wa kwaya yetu ya Kiswahili hapa mjini Euless, ughaibuni. Mimi katibu tu, kwa sasa. Uchaguzi mwezi ujao. Watu waone nani anaijua dunia ya leo.

Baadaye. Balaa! Faili zote za zamani zimegoma. Programu mpya inasema ni za toleo la zamani mno, imezizuia. Mojawapo ni wimbo wa mwisho wa marehemu Mama Theodora, mtunzi wetu. Hatukuwahi kuuchapa wala kuuimba. Na Jumapili ni misa ya kumbukumbu yake, mumewe Mzee Absalom atakaa kiti cha mbele! Nje baridi, mimi jasho.

Jumatano, 15 Januari
Nimebadilisha herufi za mwisho za jina la faili, ifanane na za kisasa. Ujanja mtupu! Sasa haisemi imezuiwa. Inasema imeharibika. Nimerudisha jina la zamani.

Pelagia kapiga simu, kauliza wimbo uko wapi. Nikasema naupamba. Akauliza wimbo unapambwaje. Nikasema mtandao mbaya, nikakata.

Alhamisi, 16 Januari
Mzee Absalom kapiga. Anasema marehemu alimdokezea kwamba ubeti wa pili ni wake yeye, ila akakataa kumwimbia, atausikia kanisani. Basi anausubiri. Hapati usingizi wiki hii. Hata mimi, Mzee!

Moyo umeniuma kweli. Kwa hiyo nimeamua kuutunga ubeti huo mwenyewe. "Absalom wangu, nguzo ya Euless..." Nimekwama. Hakuna neno la Kiswahili lenye kina na Euless.

Ijumaa, 17 Januari
Nimeomba msaada kwa Omer, Mkongo wetu wa besi, fundi wa kompyuta za ofisi moja Carrollton. Nikamtumia picha ya skrini: orodha ya aina za faili kwenye mipangilio ya programu, kila moja na kisanduku chake, vingine vina alama. Akajibu: "Ndugu Modestus, tosha alama yote mu hiyo liste, kisha fungula."

Rahisi! Anataka alama zitoshe. Zilikuwa chache, bila shaka hazikutosha. Nikajaza kila kisanduku. Nikafungua.

Mungu wangu! Sasa hata ratiba ya mazoezi niliyoandika juzi imezuiwa. Nikamwandikia Omer kwamba nimetosha zote. Akajibu bravo. Bravo ya nini? Nampigia, hapokei.

Jumamosi, 18 Januari
Mazoezini nimegawa ubeti wangu. Pelagia kausoma, kanitazama, kaukunja. Kasema mbele ya sauti zote nne kwamba Theodora asingeandika "nguzo ya Euless" hata akiwa na homa. Nimeumbuka! Ikabidi nimwonyeshe kompyuta na meseji ya Omer. Kacheka mpaka kashika meza. Kumbe kwa Wakongo kutosha ni kutoa! Alama ndizo zinazozuia. Akaziondoa zote, wimbo ukafunguka, mzima kabisa. Akasoma ubeti wa pili kimyakimya, akaacha kucheka.

Nimewaeleza wanakwaya kwamba tatizo lilikuwa la lugha, si la katibu.

Jumapili, 19 Januari
Tumeimba. Ubeti wa pili hauna jina Absalom. Unamwita "Mchelewaji wangu", unamwambia safari hii achelewe tu, mkewe atamngoja. Mzee akafunika uso kwa kofia. Nililia mpaka nikapoteza sauti yangu ya teno.

Baada ya misa binti yao Angel, aliyekuja kutoka Stafford, kaleta laptop ya marehemu mama yake. Mna nyimbo nyingine, haziko popote pengine. Kanipa mimi, katibu, niitunze, nisiguse kitu hadi Omer aje kuzinakili. Nimeahidi mbele ya Mzee. Pelagia alikuwa anaongea na padri, hakuona chochote!

Lakini maskini laptop, imechoka. Inawaka kwa kujikongoja. Angel akiikuta inakimbia, uenyekiti ni wangu. Nimeianzishia matengenezo. Imeuliza kama nataka iondoe vyote vilivyomo na kuanza upya. Kisha ikauliza kama nina hakika. Nina hakika! Nani hapendi kuanza upya?