Ombi la Familia ya Tuohy Kutambuliwa Kama Popo

Mtaa wa Kilbarron,
Dublin.

Mheshimiwa Diwani Hanratty,

Kwa heshima na taadhima ninakutangazia kwamba bango lako la kampeni, lililokuwa limefungwa kwenye nguzo ya taa mbele ya nyumba yetu, limepata makazi. Mkwe wangu Lorcan amelipandisha hadi chumba kidogo cha juu na kulisimamisha kati ya kitanda chao na cha mtoto, liwe ukuta. Uso wako umeelekea kwa mtoto, naye hulia. Lakini ni plastiki ngumu, na kwa miaka yote ya uongozi wako huu ndio ukuta wa kwanza uliotupatia. Tunashukuru.

Baada ya shukrani, malalamiko.

1. Uliahidi nyumba za bei nafuu kwenye kiwanja cha kile kiwanda cha maziwa kilichofungwa. Binti yangu Sorcha akajiandikisha. Yeye ni nesi, mumewe Lorcan ana kazi, na wote wawili hawamudu kupanga hata stoo ya mtu. Mpango ulipofika kwenye baraza la jiji, pingamizi la kwanza lilikuwa lako. Eti ghorofa zitaharibu sura ya mtaa. Sura ipi, Mheshimiwa? Kiwanda kimebaki nusu paa.

2. Katika pingamizi hilohilo umewatetea popo wanaolala kwenye hiyo nusu paa, ambao sheria ya nchi inawalinda. Umeandika kwa uchungu kwamba kiumbe akishazoea pahali pake pa kulala, si haki kumsumbua. Nililisoma kwa sauti mezani. Mwanangu Fiachra, mtu mzima na ndevu zake, anayelala kwenye kochi, akasema, "Mama, huyu bwana ana huruma kweli. Kosa ni letu, hatuna mabawa."

3. Juzi ulipopita nyumba kwa nyumba kuomba kura, ulisimama mlangoni ukasema, "Mama Tuohy, suala la makazi linaninyima usingizi." Sorcha akakujibu, "Pole, Mheshimiwa. Karibu ndani, ila ngoja kwanza mmoja wetu atoke." Ukacheka mpaka ukashika ukuta. Mwenzio hakuwa anatania. Wameomba viza ya Australia, na mtoto yule ndiye mjukuu wangu wa pekee.

Kwa hiyo tunaomba, kupitia ofisi yako, tutambuliwe kisheria kuwa popo. Sifa tunazo. Tunalala tumebanana, Lorcan hutoka usiku kwenda kazini, na pahali tumeshapazoea. Tukishatambuliwa, hakuna atakayethubutu kutugusa, na serikali italeta mtaalamu na tochi yake kuangalia kama tuko salama. Kuning'inia kichwa chini tutajifunza; Fiachra ameshaanza. Bustani hatuombi. Boriti moja kavu, karibu na hospitali anakofanya kazi Sorcha, inatosha.

Msalimie mkeo, watoto, vijana wanaokubebea ngazi ya mabango, na popo wote mmoja mmoja.

Wako katika msongamano,
Dervla Tuohy

Nyongeza: Unisamehe, barua imekaa kabla sijaituma. Kura za nyumba hii ni zako kama kawaida. Ulikuja kwenye mazishi ya mume wangu ukabeba jeneza, na huku kwetu hilo halisahauliki. Ila zimepungua mbili. Sorcha na Lorcan waliondoka Jumanne na mtoto. Chumba kiko wazi.