Uso wa Mwingine, Mkono Wako

Ulimi alikuwa anapita zake, mikono mfukoni, aliposikia mwenye kampuni ya kuhamisha vyombo akifoka kwenye simu.

"Wateja wanaingia kwenye tovuti yangu wanakuta mizigo ya wenzao! Mtu kaja kuhamisha meza, anaonyeshwa kitanda cha mtu baki! Eti wiki nzima kuitengeneza? Unataka kunila hai wewe!" Akakata simu.

Ulimi, jina alilopewa na waliowahi kumwamini, akafunga vifungo vya koti na kuingia.

"Pole, bosi. Mimi fundi wa tovuti. Ugonjwa huo naumaliza kabla chai yako haijapoa."

"Bei?"

"Bei ya nini? Mimi nina uchungu na kazi za watu."

Uchungu alikuwa nao kweli, ila wa kwake. Mkewe alikuwa amerudi kwa mama yake, na mama mkwe ametamka wazi: binti haondoki mpaka yale makochi yaliyoahidiwa siku ya posa yaonekane sebuleni. Na Ulimi alimpenda mkewe. Hilo halikuwa uongo, jambo lililomtisha hata yeye mwenyewe.

Akakaa kwenye kompyuta. Kwanza akajisajili kama mteja, "nilione tatizo kwa macho yangu." Akaandika anwani ya chumba chake, maana kutunga nyingine kungemchelewesha, na kwenye mizigo akachagua "vyote vilivyomo". Akafungua ukurasa wa pili.

Lahaula! Juu pameandikwa: Karibu, Daktari wa Meno. Chini yake makochi ya ngozi, jokofu la milango miwili, televisheni pana kama mlango. Mahali pa kupeleka palikuwa patupu, panasubiri mtu mwenye akili.

Ulimi akameza mate, akaandika anwani ya mama mkwe, akabonyeza "Thibitisha".

"Umeona nini?" bosi akauliza nyuma yake.

"Aa, bosi! Tovuti yako ina haraka. Inaweka ukurasa wa mteja mmoja pembeni, halafu inampa yeyote anayefuata, isihangaike kutengeneza mwingine. Kwa hiyo unaona uso wa mtu mwingine, lakini mkono unaobonyeza ni wako mwenyewe. Mwambie fundi wako aizuie kuweka kurasa za watu."

Maneno yalimtoka tu, kama kawaida yake, hata hakuyasikiliza. Laiti angeyasikiliza!

Bosi alipiga makofi. "Kumbe kitu kidogo hivyo! Haya, mizigo yote ya leo itoke sasa hivi, kabla wateja hawajabadili mawazo!"

Ulimi alipita kwa kinyozi kwanza. Mtu hapokewi kwa shangwe na kichwa kama kichaka. Alipofika kwa mama mkwe, lori lilikuwa limeshashusha. Kifua mbele akasukuma mlango, na jicho lake likatua kwenye godoro lenye doa la chai. Doa alilijua. Chai ilikuwa yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Simama hapo hapo, mkwe."

Sebuleni kulikuwa na kiti chake cha miguu mitatu, jiko lake, ndoo yake. Na katikati, cherehani.

"Hii si cherehani yangu?" mama mkwe aliuliza polepole. "Ile uliyoapa kwamba wezi waliichukua?"

"Mama, wezi nao... wametubu."

Mpakizi alifuta jasho. "Mwenye nyumba wako alitufungulia mwenyewe, kaka. Hata kitanda alishika upande mmoja. Alikuwa anaimba."

Simu ikalia. Bosi! "Fundi, wewe ni kiboko! Fundi wangu amekagua, ni vile vile ulivyosema. Uso wa mwingine, mkono wako mwenyewe: anayebonyeza anahamishiwa vyake!"

Ulimi alikata simu, akapiga magoti mbele ya mkewe. "Mke wangu, nimekosa. Turudi nyumbani."

Mkewe alikuwa ameshajilaza kwenye godoro. "Nyumbani wapi? Kitanda kiko hapa, jiko liko hapa, ndoo iko hapa. Nyumba imenifuata, mume wangu. Sikutegemea kama ungenifanyia hivi."

"Na mimi nitalala wapi?"

Mama mkwe alikuwa anatia uzi kwenye cherehani. Hakuinua kichwa.

"Jisajili," alisema. "Tutakuonyesha kitanda cha mtu mwingine."