Uunganishaji wa Miti ya Ukoo

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa vumbi. Kila asubuhi nilifuta kompyuta ya ofisi, na vumbi la kwetu ni jekundu, halifichi kitu. Vitufe vyote vilikuwa na alama za vidole isipokuwa kimoja, chenye herufi N. Hicho kilikuwa na vumbi lake lote. Nikamuuliza Hiral ni cha nini.

"Hicho ni hapana," alisema. "Y ni ndiyo."

Nikakifuta, nikaenda kuchemsha chai.

Mwaka huo, 1997, Ofisi ya Mradi wa Makazi Mapya ilitoa tangazo, likabandikwa hadi kwenye mlango wa mashine ya kusaga. Lilisema kwamba kuanzia tarehe moja, miti ya ukoo ya Geita, ya Kharumwa na ya Isaka inakoma kuwa mitatu na inakuwa mmoja, kwa maendeleo ya wote, na kwamba wananchi waupokee ukoo wao kwa utulivu.

Lilikuwa jambo la busara. Watu walikuwa wanahamishwa kupisha mashimo ya dhahabu na maghala, na kila ofisi ilikuwa imeandika koo za watu wake kwenye disketi yake. Zilipofika tatu, zikawa na kaya mia tisa. Viwanja vilikuwa mia sita. Ofisi isiyo na akili ingeongeza viwanja. Yetu ilipunguza watu.

Mratibu alikuwa Bwana Stanslaus Maganga. Kompyuta ilitoka kwa Velji, mwenye duka la mabati na misumari, ambaye familia yake ndiyo familia pekee ya Kihindi katika eneo la mradi. Hiral ni binti yake, aliyejua kuiendesha. Mimi nilikuwa mtumishi wa kitengo cha chai na usafi. Shule niliachia darasa la tano, na sauti yangu ni ndogo, kwa hiyo kitengo hicho kilinifaa.

Kazi ilikwenda hivi. Hiral anaingiza disketi. Kompyuta inakuta majina yanayofanana, inauliza.

"Inauliza kama Kulwa Mabula wa Geita na Kulwa Mabula wa Isaka ni mtu mmoja," alisema Hiral siku ya kwanza.

"Jina ni moja?" aliuliza Bwana Stanslaus.

"Moja."

"Jina la baba?"

"Moja pia."

"Sasa inauliza nini? Bonyeza ndiyo."

Kwetu mapacha wote huitwa Kulwa na Doto, na mtoto anayewafuata huitwa Shija. Anayezaliwa mvua ikinyesha ni Mabula. Bwana Stanslaus alilijua hilo vizuri, maana wadogo zake mwenyewe ni Kulwa na Doto. Lakini hayo yalikuwa mambo ya nyumbani, na pale palikuwa ofisini. Kufikia Ijumaa akina Kulwa kumi na mmoja walikuwa mtu mmoja, akina Mabula ishirini walikuwa wazee wawili, na kaya zilikuwa mia tano na tisini na nane. Vikabaki viwanja viwili vya ziada. Mkoa ulituandikia barua ya pongezi.

Kulwa Mabula wa Geita ni mama yangu.

Alikuja Jumatatu kuchukua namba ya kiwanja, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa imepigwa alama ya X na ingebomolewa mwisho wa mwezi. Nilikuwa nabeba birika. Hakuniangalia, asije akanifukuzisha kazi.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba. Nani?"

"Kulwa Mabula."

Bwana Stanslaus alipitisha kidole kwenye orodha. "Alifariki."

"Nani?"

"Wewe. Mwaka sabini na nne, Isaka, kwa homa. Hukuacha mtoto."

"Isaka sijawahi kukanyaga."

"Ndiyo maana hukumbuki."

"Mayo wane, mama yangu! Kama nimekufa, basi mnizike."

"Mazishi hayako kitengo hiki, mama. Hapa tuna Fomu Namba Saba."

Fomu Namba Saba aliitunga yeye mwenyewe, kuzuia udanganyifu. Ukitaka kutenganishwa na mtu uliyeunganishwa naye, ulete mashahidi wawili, wakazi wa eneo la mradi, wasiotoka nyumba moja, wasio ndugu zako. Hiral akajitolea kuwa shahidi wa kwanza. Mama akaleta jirani yetu Loveness, wakamtazama kwenye kompyuta. Alikuwa wifi yake. Akamleta katekista Januari. Alikuwa mpwa wake.

"Mwezi uliopita hakuwa mpwa wangu," alisema mama.

"Hayo ndiyo matunda ya uunganishaji," alisema Bwana Stanslaus, akaweka fomu ya mama kwenye trei.

Mama alijaribu watu kumi na wanne. Jioni alirudi nyumbani akakaa mlangoni, akitazama ile X. "Limi," aliniambia, "nimepata ndugu wengi mpaka sina mtu."

Sasa, mti mmoja lazima uwe na mkuu wa ukoo mmoja, na waraka wa mkoa ulisema mkuu wa ukoo atapewa kiwanja cha kwanza, kando ya barabara, chenye nyumba iliyokwisha kuezekwa. Bwana Stanslaus aliupenda waraka huo. Alimwambia Hiral aandike jina lake juu kabisa, yeye na miaka yake hamsini. Waliokuwa juu wakateremshwa chini yake. Orodha ikapigwa chapa, ikagongwa muhuri, ikapelekwa mkoani.

Waraka ulikuwa na ukurasa wa pili. Ulisema kwamba yeyote katika ukoo asiye na kiwanja atahifadhiwa na mkuu wa ukoo, nyumbani kwake, mpaka serikali itakapoelekeza vinginevyo.

Walianza kufika Jumatano asubuhi. Nilikuwa nimetumwa nyumbani kwa Bwana Stanslaus na vikombe. Wa kwanza alikuwa Mzee Boaz, mwenye miaka sabini na zaidi, na mkeka na jogoo.

"Shikamoo babu," alisema Mzee Boaz.

"Mzee, mimi ni mdogo kwako!"

"Usinivunjie heshima mbele ya watu. Karatasi inasema wewe ni babu. Itikia."

"Marahaba," alisema Bwana Stanslaus.

"Haya. Wapi pa kulala? Kifua changu hakitaki upepo."

Nyuma yake walikuja akina Kulwa tisa wasio na kiwanja, na watoto wao, na sufuria zao, na mbuzi. Kila mmoja aliamkia, kila mmoja aliitikiwa. Mama Marcel, mke wa mratibu, alitoka jikoni akasimama.

"Baba Marcel, hawa umewazaa lini?"

"Sijawazaa. Nimewaunganisha."

"Basi wapikie."

Kufikia adhuhuri walikuwa mia mbili, na Mzee Boaz alikuwa ameshaanza kugawa vyumba. Tena kulikuwa na msiba Kharumwa, na wajumbe walikuwa wamekuja kumchukua mkuu wa ukoo akanyolewe nywele za matanga.

Bwana Stanslaus alikimbilia ofisini, nami nikarudi nyuma yake. "Hiral, nitoe humo!"

"Fomu Namba Saba," alisema Hiral.

"Tafuta mashahidi! Pekua wote!"

Hiral akapekua. Shahidi wa kwanza angekuwa yeye. Wa pili, katika eneo zima la mradi, alikuwa mmoja tu. "Limi," alisema.

"Limi nani?"

"Huyo aliyeshika birika."

Mama yangu alikuwa amekufa mwaka sabini na nne, na mimi nimezaliwa sabini na nane. Kompyuta ilikataa mtoto wa marehemu; watoto wa akina Kulwa wengine walishikwa na mzazi wao wa pili, lakini mimi sikuandikiwa baba. Ilikuwa imeniweka pembeni peke yangu, sina mstari wa kwenda juu wala wa kushuka. Mama hakuwahi kufikiria kunileta. Nani huleta mwanawe kushuhudia kwamba si ndugu?

"Limi, mwanangu," alisema Bwana Stanslaus. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuniita kwa jina.

"Kuna fomu nyingine kwenye trei," nilisema. Ilikuwa hotuba yangu ndefu kuliko zote ofisini pale.

"Ilete! Shuhudia hata kumi!"

Akaitwa mama, akakaa kwenye benchi. Fomu mbili zikawekwa mezani. Bwana Stanslaus alikuwa mtu wa utaratibu hata katika shida, akachukua ya juu bila kuitazama, akaanza kusoma.

"Unamfahamu mwombaji, Kulwa Mabula?"

"Namfahamu."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Una undugu wowote naye?"

Mama alikuwa anavuta uzi kwenye pindo la kanga.

"Hapana," nilisema.

"Na wewe mama, huyu binti ni nani kwako?"

"Si mtu wangu," alisema mama. "Namwona tu akileta chai."

Tukatia sahihi. Hiral akabonyeza, mama akafufuka, akapewa kiwanja namba mia tano na tisini na tisa.

"Sasa yangu," alisema Bwana Stanslaus. "Haraka, wanasubiri na wembe."

Hiral alitazama kioo cha kompyuta. "Huyu hafai. Kulwa amerudi na watoto wake. Limi ni mjukuu wako."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

"Mtoe tena!"

"Kumtoa ni Fomu Namba Saba," alisema Hiral. "Anahitaji mashahidi wawili wasio ndugu."

Walimnyolea hapo hapo kwenye ngazi za ofisi, kwa heshima zote. Nasikia hadi leo ana wageni.

Mama na mimi hatujawahi kuizungumzia siku ile. Alidhani ni bahati, na Hiral pia alidhani hivyo, ingawa ni yeye aliyenieleza asubuhi ile, tukiosha vikombe, kwamba mtu akitenganishwa hurudi na watoto wake. Basi naliandika hapa, maana kulisema siwezi. Nilipokuja na chai nilizinyanyua zile fomu mbili zisilowe. Ya Bwana Stanslaus ilikuwa juu. Nilipozirudisha mezani, ilikuwa chini.